Mto Unakimbiaje? Neno Moja la Kiingereza na Maana Zake 645

Mpwa wangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Jumapili iliyopita alikuja nyumbani na daftari lake la msamiati, lile la ukurasa uliopigwa mstari katikati: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai akalifungua na kuweka kidole juu ya mstari mmoja. Kushoto ameandika “run”, kulia “kimbia”. Chini yake, kwa penseli, alikuwa amenakili sentensi ya kitabu cha jiografia: “The river runs to the sea.”

“Mjomba, mto unakimbiaje na hauna miguu?”

Nikamwambia hapo ni kutiririka, andika kutiririka. Akaandika. Akafunua ukurasa: “run a shop”. Hapo ni kuendesha duka, mama. Akaandika. Ikaja “run out of water”, nikasema hapo ni kuishiwa maji. Ikaja “run-off”, nikamuuliza imetoka somo gani, maana jibu la jiografia si jibu la uraia. Hapo akaweka kalamu chini.

“Basi hili neno halina maana yoyote. Kila sehemu linageuka.”

Maneno hayo nimeyabeba wiki nzima. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili mpaka anamaliza, halafu anavuka kwenda sekondari na kukuta biolojia, fizikia, jiografia na biashara zote zimegeuka Kiingereza. Daftari la safu mbili ndilo mtumbwi wake wa kuvukia. Ameambiwa neno moja la kushoto lina mwenzake mmoja wa kulia. Likitokea neno kama hili, mtumbwi unaingia maji, naye anadhani yeye ndiye asiyejua kupiga kasia.

Watu wazima nao wamo humohumo. Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, au benki fulani ya ng'ambo ikitetereka, habari zinaingia kwenye simu zetu zikiwa zimetafsiriwa harakaharaka, nazo zimejaa watu wanaokimbia: mgombea anakimbia, benki inakimbiwa, programu inakimbia, muda unakimbia nje. Tunasoma, tunakisia, tunasonga mbele. Neno hili linastahili kukaliwa chini.

Kwanza kuna hali mbili ambazo jicho huziona kama moja. Chukua neno “kaa”. Kuna kaa wa pwani anayetembea upande, kuna kaa la moto, na kuna kaa chini tuzungumze. Haya ni maneno matatu yaliyokutana kwa umbo tu, kama akina Juma watatu wa mtaa mmoja wasio na undugu wowote. Sasa chukua neno “mguu”. Kuna mguu wa mtu, kuna mguu wa meza, kuna mguu wa kitanda. Hapo hakuna majina yaliyogongana. Ni neno moja lililotanuka: mtu aliona meza imesimama juu ya vijiti vinne akakumbuka mnyama. Walimu wa isimu wana majina yao kwa hali hizi mbili, lakini ukimkumbuka Juma na ukiukumbuka mguu inatosha.

“Run” ni la kundi la mguu. Ni neno moja, limetanuka mno, lakini kila lilipofika kuna njia inayorudi nyumbani. Mwanafunzi akiijua njia hiyo hahitaji kukariri orodha.

Namba yenyewe ilitoka wapi

Namba ya maana 645 imetoka kwenye kamusi kubwa ya Oxford, Oxford English Dictionary. Ilianza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1884 chini ya mhariri James Murray, ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Toleo la pili la mwaka 1989 lilijaa juzuu 20, na humo bingwa wa maana nyingi alikuwa “set”, mwenye maana zipatazo 430 na maelezo ya maneno 60,000 hivi, yaani kitabu kizima kwa neno la herufi tatu. Baadaye wahariri wakaanza kuipitia upya kamusi yote. Zamu ya “run” ilipofika, mtunga kamusi Peter Gilliver alilishughulikia kwa takribani miezi tisa, na mwaka 2011 kitenzi hicho kikatoka na maana 645. “Set” akavuliwa taji.

Miezi tisa kwa neno moja. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu wengi wetu hudhani kamusi hujazwa kama fomu. Anayefanya kazi ile hukusanya sentensi zilizoandikwa kweli na watu wa karne mbalimbali, akazipanga mafungu kama mtu anayechambua mchele, na kila fungu akaliuliza: wewe ni mpya, au ni mtoto wa fungu lile pale?

Namba hiyo isikutishe, hata hivyo. Kuhesabu maana si kama kuhesabu mbuzi zizini, ambapo mbuzi ni mbuzi na watu wawili wakihesabu watapata jibu moja. Ni kama kuhesabu matawi ya mwembe. Yale makubwa manne au matano kila mtu anayaona. Ukipanda juu yanagawanyika, kisha yanagawanyika tena, na mwisho huwezi kusema hili ni tawi au ni kijiti cha kubebea embe. Mtunga kamusi mmoja ataona “mashine inafanya kazi” na “basi linapita kila baada ya nusu saa” kuwa maana mbili, mwenzake ataziweka chumba kimoja. Oxford hugawa kwa undani sana, tena haizitupi maana zilizokufa. Matumizi ya mabaharia na mafundi wa zamani, ambayo Mwingereza wa leo hajawahi kuyasikia, yamo. Kwa hiyo anayesema kuwa mtu wa London anatembea na maana 645 kichwani amekosea. Anatembea na chache kuliko hizo, na nyingine huzitambua papo hapo kwa sababu njia anaijua.

Mpangilio nao huchanganya watu. Kamusi ile hupanga maana kwa historia: iliyotangulia kutumika ndiyo inayotangulia kuandikwa. Kamusi nyingi za wanafunzi hupanga kwa wingi wa matumizi. Wengi tuna mazoea ya kuchukua maana namba moja na kufunga kitabu, na hapo ndipo “run” lilipogeuka kuwa “kimbia” katika madaftari yetu yote.

Maji yalikuwapo tangu mwanzo

Rudi nyuma kabla ya mwaka 1100, kwenye Kiingereza cha kale. Kilikuwa na kitenzi kilichoandikwa “rinnan” au “iernan”, ambacho kilimhusu mtu aendaye mbio na pia kilihusu maji yatiririkayo. Kijerumani, ndugu wa damu wa Kiingereza, kina maneno mawili hapo: “rennen” ni kwenda mbio, “rinnen” ni kutiririka. Kiingereza kikabaki na moja. Mto, basi, haukuazima miguu ya mtu. Ulikuwa ndani ya neno tangu zamani hizo, bega kwa bega na mkimbiaji.

Sasa mtazame mkimbiaji na uutazame mto. Wana nini kinachofanana? Kasi sio, kwa sababu kuna mito inayotambaa, na Waingereza bado husema mto huo “runs”. Kinachofanana ni kwamba wote wanakwenda na hawakatiki. Huo ndio mzizi: kitu kinachokwenda mfululizo.

Na hapa nikaliona kosa la lile daftari, kosa ambalo nimelibeba mwenyewe tangu sekondari. Pacha wa “run” katika Kiswahili si “kimbia”. Ni “enda”. Sikiliza tunavyosema kila siku. Saa ya ukutani inakwenda. Barabara hii inakwenda mpaka Chalinze. Maji yanakwenda bondeni. Kikao kilikwenda mpaka magharibi. Biashara inakwenda, namshukuru Mungu. Katika kila sentensi kati ya hizo Mwingereza anaweza kutumia “run”, na hakuna hata moja ambayo sisi tungeweka “kimbia”.

Ongeza mkia wa “-sha” upate “endesha”, pacha anafanana zaidi. Tunaendesha gari, tunaendesha duka, tunaendesha mafunzo, tunaendesha kikao. Mtu akila chakula kilicholala, tumbo linamwendesha usiku kucha. Na Waingereza, katika lugha yao ya nyumbani, huuita ugonjwa huohuo “the runs”. Lugha mbili zisizo na ukoo wowote zilitazama tumbo lililokataa kutulia, na kila moja kwa wakati wake ikachagua picha ileile. Nilipoliona hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya ugenini.

Mkia huo wa “-sha” unafungua fundo jingine. Kiswahili hakikubali kuchanganya kitu kinachokwenda chenyewe na kitu kinachoendeshwa: injini inakwenda, fundi anaiendesha. Tofauti imo ndani ya kitenzi na huwezi kuikosa. Kiingereza hutumia “run” pande zote mbili na kuacha mpangilio wa sentensi uamue. “The shop runs well”: duka linakwenda vizuri. “She runs the shop”: yeye ndiye anayeliendesha. Kwa hiyo ukikuta “run” limefuatiwa moja kwa moja na kitu, jaribu kwanza “endesha”. Mara nyingi mlango utafunguka. Sehemu kubwa ya zile maana nyingi imetokana na jambo hili dogo, kwamba Kiingereza hakishoni tofauti hiyo kwenye kitenzi.

Mashine nazo zikaongeza mzigo. Karne za 18 na 19 Uingereza ilijaa injini za mvuke, viwanda vya nguo na reli, na vyote vilihitaji kitenzi. “Run” lilikuwa karibu. Treni “runs” kila asubuhi, kiwanda “runs” usiku na mchana, mwenye kiwanda naye “runs” kiwanda. Kompyuta zilipokuja zikarithi neno hilohilo, na ndiyo maana simu yako inaposema programu fulani “is running”, haijakimbilia popote. Inafanya kazi mfululizo, hata kama huioni kwenye kioo. Vijana wa kompyuta kwetu husema “kurun programu”, lakini “kuendesha programu” imekaa vizuri kabisa na haina deni kwa mtu.

Maneno madogo yanayobeba mizigo

Ugumu mkubwa wa Kiingereza kwa msemaji wa Kiswahili haumo kwenye “run” lenyewe. Umo kwenye vineno vinavyolifuata: “out”, “into”, “over”, “away”, “down”. Sisi tunajua kuongeza maana kwa kushona ndani ya kitenzi. Kutoka “kimbia” tunapata kimbilia, kimbiza, kimbizana, kisha mkimbizi na kimbilio. Kiingereza hubeba mizigo mkononi. Kiswahili huifunga pindoni mwa kanga. Anayetazama mikono tu atadhani sisi hatuna kitu, na sisi tukitazama kitenzi peke yake tunasahau kwamba Mwingereza ameacha nusu ya mzigo nje.

“Run away” ni kutoroka, hilo ni jepesi. “Run into” mtu ni kukutana naye bila kutarajia, lakini ukiwa kwenye gari na kilicho mbele ni ukuta, ni kugonga. “Run over” ni gari kumkanyaga mtu, ila kipindi cha redio kikifanya hivyo kimepitiliza muda. “Run down” ni kugonga, pia ni kumsema mtu vibaya, na mtu ambaye ni “run-down” amechoka mwili, afya imeshuka. Hebu fikiria mfasiri aliyekaa katikati ya askari wa barabarani na mtalii, ameulizwa mtalii amesema nini. Aliyekutana na mzee na aliyemgonga mzee hawaandikiwi karatasi moja.

“Run out” nataka kukaa nalo kidogo. “We have run out of sugar.” Mpwa wangu alikuwa ameandika “tumekimbia nje ya sukari”. Sisi tunasema “sukari imetuishia”, au “tumeishiwa sukari”. Tazama sentensi ya kwanza ilivyojengwa: sukari ndiyo mtendaji, na sisi tumebanwa katikati ya kitenzi kama watu waliofikwa na jambo. Kwisha kwa sukari kumetupata, kama vile mvua inavyotunyeshea au mtu anavyotufia. Kitenzi kimoja kinasema kitu kimekwisha na kinasema pia nani ameumia. Mwingereza ameweka watu mbele, kana kwamba wao ndio waliotembea mpaka mwisho wa sukari. Ukitaka kuona picha yake, fikiria chupa ya mchanga ya kupimia muda: mchanga unatiririka nje ya chumba cha juu mpaka unakwisha. Ni ule mto tena, safari hii mdogo, ndani ya chupa. “Run” la kutiririka, “out” la nje. Kitu kikitiririka nje bila kujazwa, kitakwisha.

Vivyo hivyo na “running water”. Katika tangazo la nyumba ya kupanga ni maji ya bomba. Katika maelekezo ya huduma ya kwanza kwa aliyeungua, ambayo husema apoze sehemu iliyoungua kwa maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, maana yake ni kwamba maji yawe yanapita muda wote, si yale yaliyosimama kwenye beseni. Kosa hili lina gharama kuliko alama za mtihani.

Wagombea, benki na kriketi

Sasa kwenye habari. Mmarekani anayetaka urais “runs for office”. Tafsiri ya harakaharaka itasema “anakimbia ofisi”, na hapo jambo linageuka chini juu, kwa sababu “kimbia” yetu ina tabia yake: ikifuatwa na kitu, mtu anakihepa kitu hicho. Aliyekimbia vita ametoroka vita. Aliyekimbia deni hataki kuliona. Kwa hiyo “anakimbia ofisi” kwa Mswahili ni mtu asiyetaka uongozi, kinyume kabisa cha habari yenyewe. Neno letu ni “kugombea”, lililozaliwa na “gomba”. Waingereza wenyewe husema mgombea wao “stands”, anasimama. Uchaguzi ni uleule: Uingereza wanasimama, Marekani wanakwenda mbio, sisi tunagombana juu ya kiti. Anayefuatana na mgombea urais wa Marekani, “running mate”, ni mgombea mwenza, na hilo tumelipata vizuri tangu zamani.

“Run-off” la uraia linatokana na mbio za uwanjani, zile za kuamua baada ya wakimbiaji kufungana. Katika uchaguzi ni duru ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipopatikana, uchaguzi unarudiwa ndani ya siku 30 kati ya walioongoza. Hiyo ndiyo “run-off” ya gazetini. “Run-off” ya jiografia ni maji ya mvua ambayo ardhi imeshindwa kuyanywa, yakatiririka juu ya udongo na kuubeba kwenda mtoni. Ya kwanza imetoka kwa mkimbiaji, ya pili imetoka kwa mto, wale wazee wawili wa Kiingereza cha kale, wamekutana tena kwenye daftari la mtoto wa Tanzania.

Halafu “bank run”. Kichwa cha habari kikiandika “mbio za benki”, msomaji wa Dar es Salaam atafikiri ni zile mbio za hisani ambazo benki zetu hudhamini, watu wakivaa fulana na kupewa medali. Jambo lenyewe ni zito. Fikiria kikundi cha VICOBA. Fedha za wanachama hazikai sandukuni, zimekopeshwa: huyu kafungua genge, yule kalipa ada. Kila mwanachama ana haki ya fedha zake, na mmoja au wawili wakizitaka watapewa. Ikivuma kwamba mweka hazina ana matatizo, wote wakaja asubuhi moja, sanduku halitatosha hata kama hakuna aliyeiba senti. Benki ni VICOBA kubwa. Septemba 2007 wateja wa Northern Rock ya Uingereza walipanga foleni nje ya matawi yake kutoa akiba zao. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wakiwa wamekaa na simu au kompyuta zao, na kesho yake benki ikafungwa. Hakuna mguu uliokimbia. Kwa Kiswahili hapa ndipo “kimbilia” inapong'aa: wateja wamekimbilia benki kutoa fedha. Mkia mmoja mdogo, na mwelekeo wa mbio umejulikana.

Kuna mahali ambapo mtu anaweza kuona kwa macho yake maana ikiachana na miguu, napo ni kwenye kriketi, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Alama za mchezo huo zinaitwa “runs”, kwa sababu mpigaji akishapiga mpira yeye na mwenzake hukimbia kweli kubadilishana ncha, na kila wakifika ni alama moja. Lakini akiupiga ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, anapewa “runs” sita na wala hahitaji kukimbia. Anasimama tu. Jina limebaki, mbio zimeondoka. Tarehe 24 Februari 2003 Nairobi, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata 210 na Sri Lanka 157, wakashinda kwa “runs” 53, na sehemu ya hizo haikukimbiwa na mtu.

Hata sisi tunafanya hivyo. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro uhuru ulipopatikana Desemba 1961, hukimbizwa nchi nzima. Tuna Mbio za Mwenge na tuna wakimbiza Mwenge, na kati ya wilaya na wilaya Mwenge hupanda gari. Hakuna anayelalamika kwamba gari si mbio. Tumeshaelewa kwamba “kukimbiza” hapo ni kuupitisha mfululizo bila kuuacha uzimike.

Ndiyo maana sipendi nikisikia mtu akisema kuwa maana 645 ni ushahidi wa utajiri wa Kiingereza na umaskini wa Kiswahili. Mtu huyo amepiga simu, akapiga pasi, akapiga mswaki, akapiga picha, akapiga hodi, akapiga magoti akapiga dua, mchana akapiga hesabu, jioni akapiga soga, na mwaka wa uchaguzi akapiga kura, halafu anatafuta neno la Kiswahili lenye maana nyingi. Mzungu anayejifunza lugha yetu naye ana daftari lake la safu mbili, ameandika “piga” na mbele yake neno la kuchapa mtu, na anashangaa kwa nini tunazichapa simu zetu. Maneno yaliyotanuka hivi, katika lugha yoyote, huwa ni yale madogo ya kila siku, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na mkono jambo jipya linapotokea. Hakuna anayekwenda kabatini kutafuta neno zito wakati “piga” liko mezani.

Jana jioni mpwa wangu alirudi. Tukafuta “kimbia” kwa kifutio, tukaandika “enda, endesha”, na chini yake, kwa maandishi madogo, “tazama kwanza ni nini kinachokwenda”. “Kimbia” tukairudisha mwisho wa mstari, kwa ajili ya watu na wanyama wenye miguu. “Run-off” akaipa mistari miwili, mmoja akauandikia Jiografia, mwingine Uraia. Kisha akarudi kwenye ile sentensi ya penseli, akafikiri kidogo, akaandika bila kuniuliza: Mto unakwenda baharini.